Kadi ya Lorna Ukutani

Zilibaki siku tisa. Naanza na hizo kwa sababu ndizo zilizokaa kichwani mwangu wiki ile, zikipungua kila nilipoamka. Siku tisa tu, kisha ingetimia miaka mitatu tangu saluni ya Candida Rusk imchome mdogo wangu Lorna kidevuni na shavuni kwa leza, na sheria ya nchi hii ingefunga mlango. Miaka mitatu ikipita hujafungua kesi, aliyekuunguza anaweza kukutana nawe sokoni na kukuuliza hali ya hewa, na huna la kumfanya.

Barua ilifika Jumatatu. Lorna aliileta kwangu, akaiweka mezani karibu na birika, akavua koti. Skafu hakuivua. Siku hizo hakuivua hata ndani ya nyumba yangu, mimi niliyemwogesha akiwa mchanga. Barua ilitoka kwa wakili wetu wa Bradford, Sadia Mirza, binti mwenye akili ya haraka na viatu vya kukimbilia, na ilikuwa ya upole, upole ule wa daktari anayevuta kiti akae karibu nawe. Ilisema kampuni ya bima ya saluni imekataa madai yote. Imetuma fomu ya ridhaa yenye sahihi ya Lorna, inayosema alifanyiwa jaribio la ngozi siku mbili kabla ya leza na kwamba hakuwa amepigwa na jua. Imetuma pia picha ya kadi ya shukrani aliyoiandika Lorna kwa mkono wake. Kwa hiyo ofisi haiwezi kuendelea na kesi kwa mpango wa usiposhinda hulipi, na Lorna yuko huru kutafuta wakili mwingine kabla muda haujaisha.

"Basi, dada," Lorna alisema. "Tumejaribu."

Nilimwambia kama anataka kuniudhi alirudie hilo neno.

Mambo yalikuwa hivi. Lorna anagawa chakula katika shule ya msingi hapa Keighley. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye dirisha la jikoni na upawa mkononi, anajua nani hali njegere, nani hula njegere tu, nani anataka ile ngozi ya juu ya kastadi na nani atalia akiiona. Alipokaribia hamsini, vinyweleo vikaanza kumwota kidevuni, kama vilivyoniota mimi na vilivyomwota mama. Mimi navikata kwa mkasi wa jikoni. Yeye vilimtesa. Jumatano moja ya mwezi wa sita, akiwa ametoka likizo Majorca jana yake, wiki nzima juani, mwekundu hadi masikioni, alipita mbele ya saluni ya Rusk akaona tangazo dirishani. Jumamosi ilikuwa harusi ya Gemma, binti wa rafiki yake. Akaingia.

Mtu yeyote wa kazi ile anayejua kazi yake, siku ya kwanza hakuchomi. Anajaribu kipande cha ngozi ukubwa wa kitufe, anakurudisha nyumbani, anakiangalia baada ya siku mbili. Na akikukuta na rangi ya jua anakwambia nenda, rudi ikishatoka, kwa sababu mashine ile inawinda weusi tu, haiulizi kama ni unywele au ni ngozi. Kwa Rusk hawakufanya hili wala lile. Walimpa karatasi tatu atie sahihi, na nyuma yake kulikuwa na wanawake wawili wanasubiri. Lorna, kama tulivyolelewa wote katika nchi hii, anaona ni afadhali afe kuliko kuwachelewesha watu kwenye foleni. Alitia sahihi pale kidole kilipomwonyesha. Mashine ilipomgusa alipiga kelele, kisha akaomba msamaha kwa kupiga kelele. Msichana wa mashine akamwambia ni kawaida, kesho utakuwa umepoa.

Kesho yake aliamka na malengelenge. Harusini hakwenda. Malengelenge yalipokauka yaliacha mabaka saba ya duara, meupe katikati na ukingo mweusi, yamepangwa kuanzia kidevuni hadi karibu na sikio. Mtoto wa darasa la kwanza alimwangalia kwa makini akapokea sahani yake, akamuuliza, "Bi. Haigh, nani alikupiga mihuri?" Alikuwa hana ubaya mtoto yule, alitaka kujua. Jioni hiyohiyo Lorna akaomba ahamishiwe nyuma, kwenye kuosha trei.

Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Fidia angeipokea, nani asingeipokea, daktari wa ngozi wa binafsi hatibu kwa maombi. Lakini Lorna aliamini kosa ni lake. Aliniambia zaidi ya mara moja: mwanamke wa umri wake, alitaka nini na kidevu laini? Alisema siku mtu atakapoandika kwenye karatasi kwamba kosa si lake, siku hiyo atarudi dirishani. Sasa karatasi imekuja, na imeandika kinyume.

Tena imeandika kwa kutumia kadi. Hiyo kadi ilinipandisha damu kichwani, na ni lazima niseme sababu.

Mwaka 1974 mama yetu alikuwa kwenye mashine ya kuchana sufu, zamu ya asubuhi, na kinga ya mashine ilikuwa imeondolewa ili kazi iende haraka. Msimamizi aliiondoa kwa mkono wake, jina lake ninalo na nitakufa nalo. Mama alipoteza vidole viwili. Kampuni ilimpelekea kapu la matunda hospitalini. Na mama, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, aliandika kadi ya shukrani. Chama cha wafanyakazi kilipokwenda kudai haki yake, mtu wa kampuni alitoa kadi ile kwenye jalada, akaisoma mbele ya watu, akasema mfanyakazi ameridhika. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekaa kiti cha nyuma. Tangu siku ile sijamwandikia mtu kadi ya shukrani. Ukinipa kitu nitakwambia asante usoni, inatosha.

Kwa hiyo nilipoiona picha ya kadi ya Lorna, yenye maua ya bluu, iliyopigwa na bima kama ushahidi dhidi yake, nilisimama nikaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Uliandika lini?" nikamuuliza nikiwa nimempa mgongo.

"Jioni ileile. Uso ulikuwa unawaka lakini nilidhani utapoa. Unajua mama alivyokuwa."

Nilijua. Mama alikuwa na sheria zake za kadi, na alitufundisha kwa kutupiga vidole kwa kijiko. Kadi inaandikwa siku ileile, kabla hujalala. Tarehe inakaa juu. Na lazima utaje kitu unachoshukuru, kitu chenyewe hasa, maana kusema asante kwa kila kitu, alisema, ni kusema hukuona chochote. Hata ile kadi ya hospitalini aliandika: asante kwa machungwa sita, na kwa zabibu. Hakuandika zaidi, na kampuni haikujali alichoandika, ilijali kwamba ameandika.

Nikarudi mezani. Nikavaa miwani, nikaichukua ile karatasi ya bima. Ilikuwa na picha mbili. Moja ya jalada la kadi. Nyingine ya ukurasa wa kulia wa ndani, penye maneno ya dhahabu ya kiwandani, na chini yake mwandiko wa Lorna: *Wasichana wako ni wema sana. Wako, Lorna Haigh.*

"Hii siyo kadi nzima," nikasema.

"Ndiyo yenyewe, dada. Mwandiko wangu."

"Tarehe iko wapi? Na umeshukuru nini hapa?"

Alivuta karatasi akaitazama. Nikamwona akiitafuta tarehe kama mtu anayepapasa funguo mfukoni, kisha akainua macho. Mtu mwenye mengi ya kusema huanza upande wa kushoto, ule mtupu, ndipo amalizie kulia. Bima walikuwa wameleta kulia peke yake.

"Kushoto uliandika nini, Lorna?"

"Sikumbuki. Miaka mitatu, na siku ile uso ulikuwa moto. Nilishukuru tu."

"Mama hakutufundisha kushukuru tu."

Nikaiangalia tena picha, nikaisogeza dirishani penye mwanga. Kwenye kona ya juu ya kadi palikuwa na kichwa cha pini. Na pembeni, nyuma ya kadi, mpiga picha alikuwa ameshindwa kukata ukingo wa kitu cha kijani na kona ya kadi nyingine yenye paka. Haikuwa kwenye jalada la mwanasheria ile kadi. Ilikuwa ukutani, kwenye ubao, pamoja na kadi za wanawake wengine. Mtu alikuwa ameipiga picha hapohapo ilipotundikwa, akafungua nusu, akaona neno "wema", akatosheka.

Nilimpigia Sadia simu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mawakili wengi hawaliwezi, kisha akasema hiyo kadi ndiyo iliyotumaliza, na mimi nataka kuifuata? Anaweza kuwaandikia bima watoe kadi yote, lakini watajibu wakitaka, kwa muda wao, na siku tisa zitakuwa zimekwisha.

"Na wakiulizwa kwa barua," nikamwambia, "ubao utasafishwa kabla stempu haijakauka."

Nilimsikia akifunga mlango wa ofisi yake.

"Sikiliza, mama. Mapokezi ya saluni ni mahali pa wazi, mteja yeyote anaingia. Kusoma kadi iliyotundikwa ukutani si kosa. Ila usiitoe. Usidanganye. Usitukane. Ukiwa na picha ya kadi nzima na ina maneno ya maana, nitalala hapa ofisini ikibidi, kesi itafunguliwa."

Nikamwahidi yote matatu. La tatu liliniuma.

Lorna alikataa kwenda. Alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne, na siku zikawa saba. Jumatano asubuhi alitokea mlangoni kwangu amevaa koti zuri, lile la harusi ambayo hakwenda, skafu imefungwa hadi chini ya macho. Hakueleza, nami sikumuuliza. Tulitembea. Mvua ya Keighley ilikuwa inanyesha ile ya kutojiamini, na mimi nilikuwa natembea haraka hata yeye, aliyenizidi udogo kwa miaka kumi na mitatu, akawa ananiambia polepole, dada, utaanguka.

Saluni ilinuka vanila na nywele zilizoungua. Wanawake wawili walikuwa wamekaa kusubiri, mmoja mtu mzima anasoma gazeti, mwingine msichana wa kama miaka ishirini na tano mwenye pete mpya ya uchumba, ana fomu kwenye paja na kalamu mkononi. Mezani alikaa binti anayeitwa Jorja, jina lilikuwa limeandikwa kifuani, kope ndefu kama ufagio. Alinitazama mdomo wa juu, kwa huruma ya kikazi.

"Karibu, mama. Tunaondoa masharubu leo?"

"Nimekuja kuangalia kwanza," nikasema, na huo haukuwa uongo.

"Angalia, jisikie nyumbani. Wengi huja wanaogopa, wakitoka wanaimba."

Ubao ulikuwa pale, nyuma ya jagi la maji, umevikwa kitambaa cha kijani. Kadi zilikuwa kama hamsini, zimepandiana kama magamba ya samaki. Nikaanza juu kushoto. Waridi, waridi, sungura, puto, yule paka niliyemwona kwenye picha, na pembeni ya paka pakawa na nafasi. Tundu la pini, na kitambaa cha kijani kilichokolea zaidi kwa sababu hakikupigwa na mwanga.

Kadi haikuwepo.

Nikasoma safu zote tena, kutoka chini kwenda juu. Maua ya bluu hayakuwepo. Siku saba, nikawaza, na mimi nimemvuta mdogo wangu hadi kwenye mlango wa aliyemchoma ili aone nafasi tupu.

Hapo ndipo Candida Rusk alipotoka chumba cha nyuma. Mwanamke mrefu, koti jeupe la kidaktari ingawa udaktari hana, uso umenyooshwa hauna historia. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Wewe si yule mama wa mabango? Unayepiga kelele manispaa kila wakifunga maktaba?"

"Ndiye. La kwako bado sijaliandika."

Jorja alicheka, akajifanya anakohoa. Rusk akaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia nimekuja kusoma ukuta wake, umejaa mapenzi. Akasema ukuta ni wa wateja. Nikamuuliza ile kadi ya maua ya bluu iliyokuwa pale pembeni ya paka imekwenda wapi, na nikamwona akiangalia, haraka sana, upande wa kulia, kisha akanirudia mimi. Akaanza kuniambia kuhusu usumbufu, na polisi, na umri wangu. Nilimjibu kuhusu umri wake. Sikutukana, Sadia akiniuliza nitaapa, ila nilikaribia sana, na sauti zetu zilikuwa zimejaa chumba, na yule mwenye gazeti alikuwa ameacha kugeuza kurasa.

Hatukumtazama Lorna. Watu hawamtazami Lorna, ndivyo alivyotaka mwenyewe miaka mitatu. Yeye aliona lile jicho la Rusk lilikokwenda. Upande wa kulia, kwenye mlango wa chumba cha leza, kulikuwa na kadi tatu zimebandikwa kwa pini kwenye fremu, zile za kumtuliza mteja anayeingia. Ya katikati ilikuwa na maua ya bluu. Baada ya kuipiga picha kwa ajili ya bima walikuwa wameipandisha cheo.

Nilisikia sauti nyuma yangu, si sauti ya Lorna wa skafu. Ilikuwa ile sauti ya dirisha la jikoni, inayofika hadi meza ya mwisho ya watoto mia mbili bila kupaa.

"Jumatano, tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita," ilisema.

Rusk aligeuka. Mimi niliacha jibu nusu, na hilo si jambo la kila siku.

Lorna alikuwa amesimama mlangoni pa chumba kile. Hakuitoa kadi. Aliinua jalada lake kwa kidole kimoja na kuisoma ikiwa imeninginia hapohapo kwenye pini, ukurasa wa kushoto, ambao uliandikwa kuanzia juu hadi chini.

"Mpendwa Bi. Rusk. Asante sana kwa kunifanyia leo hii hii, siku yangu ya kwanza kuingia kwenu, bila kunizungusha na lile jaribio la siku mbili, ili niwahi harusi ya Gemma. Wasichana wako walinitania kuhusu rangi yangu ya Majorca, wakasema nimeiva kama kamba wa kuchemsha, tulicheka sana. Asante kwa kitambaa cha maji baridi nilipopiga kelele. Naomba radhi kwa kelele."

Alimaliza. Mvua ilisikika dirishani. Nilikuwa nalia na sikuwa na habari.

Yule msichana mwenye pete alikuwa bado ameshika kalamu. Aliiangalia fomu iliyo pajani mwake, akamwangalia Jorja.

"Jaribio gani la siku mbili?" akauliza. "Mimi nimekuja leo."

Jorja akamtazama Rusk. Na Lorna, polepole, akashika ncha ya skafu akaivuta, ikashuka. Mabaka saba. Hakumwonyesha Rusk, alimwonyesha yule msichana, kama anavyomwonyesha mtoto kwamba chakula ni cha moto.

"Usitie sahihi, mwanangu," alimwambia.

Rusk alitembea kuelekea mlango. Mimi nilikuwa nahangaika na simu yangu, vidole havisikii, kioo kinanionyesha pua yangu mwenyewe. Msichana aliweka fomu chini, akasimama, akatoa simu yake. "Shika hivyohivyo, mama. Napiga mimi." Akapiga jalada, akapiga kushoto, akapiga kulia, akapiga kadi yote ikiwa wazi, pamoja na mkono wa Lorna, fremu ya mlango, na bango la saluni lililo juu yake. Picha ya mwisho ina bega la Candida Rusk, linakuja.

Rusk aliichomoa kadi mlangoni, pini ikaruka. Akatuambia tutoke. Tulitoka wote wanne, na yule mwenye gazeti alisahau mwavuli, ikabidi arudi kuuchukua, na aliporudi kuuchukua alimwambia Rusk neno ambalo mimi nilikuwa nimeahidi kutolisema.

Chini ya kibaraza cha duka la jirani tulisimama tukitetemeka na kucheka kama wasichana waliotoroka shule. Yule binti, Bethan jina lake, alituma picha kwa Sadia moja kwa moja, akaandika na namba yake, akasema akihitajika kutoa ushahidi yupo, harusi yake ni ya mwezi wa kumi, ana nafasi. Lorna alikuwa ameshika skafu mkononi, mvua inampiga usoni, ameisahau.

Sadia alipiga simu baada ya dakika kumi. Hakusalimia.

"Nani aliyemfundisha dada yako kuandika kadi namna hii?"

"Mama yetu," nikamwambia.

"Anatoza kiasi gani?"

Alifungua kesi Alhamisi, siku sita zikiwa bado mkononi. Pamoja na hati za kesi alituma picha za kadi nzima, na barua ya kuwataka watunze kadi yenyewe, na ombi la kumbukumbu za mashine ya leza za wiki ile, ili ionekane hilo jaribio la Jumatatu lilifanywa na nani, kwa Lorna ambaye Jumatatu alikuwa bado Majorca, ana hata tiketi ya ndege ya Jumanne. Miaka mitatu hakuna aliyeuliza tarehe ya tiketi, mimi nikiwemo, na hilo nimejisamehe nusu tu. Tulikuwa tumeiamini fomu kuliko macho yetu, kwa kuwa ilikuwa na sahihi.

Wiki ya saba simu iliita nikiwa kwa Lorna, tunamenya viazi. Aliiweka mezani ili nami nisikie. Sadia alisema bima wamekiri uzembe, wote, bila masharti. Watalipa matibabu ya ngozi na mshahara aliopoteza na maumivu, kiasi watakizungumza, hilo ni lake yeye Sadia kupigania. Kisha akasoma sentensi kutoka kwenye barua yao: kwamba mdai hakuchangia kwa namna yoyote madhara yaliyompata.

"Soma tena hapo," Lorna alisema.

Sadia akasoma tena.

"Na mara moja zaidi, samahani."

Akasoma mara ya tatu, polepole, kama imla. Lorna aliinama akaendelea kumenya kiazi kile kile hadi kikabaki kama zeituni.

Jumatatu iliyofuata alirudi dirishani. Sikuwepo, nilisimuliwa. Yule mtoto wa mihuri sasa yuko darasa la nne, mrefu, hana meno mawili. Alifika mbele na sahani, akamwangalia, akasema, "Ulikuwa wapi? Yule mwingine anatupa kastadi bila ngozi." Basi.

Jioni nikamkuta ameketi mezani na kadi mpya. Ilikuwa na maua yale yale ya bluu, duka la kona huuza aina nne tu. Nilijua ni ya Sadia, nikajikaza, nikasema haya, huyo anastahili, mwandikie. Akasema ya Sadia ameshaituma, na ya Bethan. Hii ni ya Candida Rusk.

Nilivuta pumzi kwa ajili ya hotuba. Nilikuwa na maneno ya tangu 1974, yamepangwa, yenye tarehe. Lorna aliigeuza kadi akanisogezea nisome kabla sijaanza. Alikuwa ameandika upande wa kushoto, tarehe juu.

*Mpendwa Bi. Rusk. Asante kwa kuitunza kadi yangu miaka mitatu bila kuipoteza, na kwa kuibandika mahali pazuri penye mwanga wa kutosha kusomea. Lorna Haigh.*

Upande wa kulia aliuacha mtupu. Niliisoma mara mbili, nikatafuta kosa, sikuliona. Nikachukua stempu kwenye droo yake nikaibandika mwenyewe, sawasawa pembeni, nikavaa koti. Sanduku la posta la pale kona hufunguliwa saa kumi na moja na nusu, na nilitaka iwahi.